Siku Waliyompa Shangazi Ngao

Nianze kwa kusema kwamba bado nina hasira. Anayetaka habari hii ikiwa imepoa akaisome kwenye ripoti ya mkuu wa kituo. Humo kila kitu kimepoa, hata damu.

Sajenti wetu aliitwa Shangazi. Hakujipa jina hilo. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu aliingilia mambo ya watu kama shangazi wa kweli: anakukaripia mbele ya wageni, kisha anabaki kukusaidia kuosha vyombo. Sisi askari wake tulimwita afande mbele yake na Shangazi akigeuka. Alijua, akajitia hamnazo. Magoti yalimsumbua, lakini sauti haikuwahi kumsumbua. Aliirithi kwa baba yake, fundi mwashi, aliyezoea kuwapigia kelele vibarua walio juu ya jengo. Utotoni alimbebea baba yake maji ya kuchanganyia saruji, na alipenda kutusimulia kwamba ukuta ukipinda, mzee huyo aliubomoa kwa mikono yake mwenyewe na hakumtuma kibarua. Mumewe, fundi wa kuchomea vyuma, alikuwa mpole kupita kiasi. Alituambia kwamba hata nyumbani watoto hupigishwa gwaride kabla ya chai.

Kituo chetu kidogo kilikuwa chumba kimoja kilichowahi kuwa bucha. Ndoano za nyama zilibaki darini, tukatundikia makoti ya mvua. Siku za joto harufu ya zamani ilirudi, na Shangazi alisema hiyo ni nzuri, inawasaidia watu kueleza shida zao kwa ufupi.

Kila askari alikuwa na vichochoro vyake, na kazi ilikuwa kuwajua watu wa hapo. Kukamata kulikuja baadaye, na mara nyingi hakukuhitajika. Asubuhi alitupanga mbele ya kaunta ya bucha na kutuuliza: nani amehama, mlango upi haukufunguliwa jana, yule mzee mwenye redio mbovu anaendeleaje. Ole wako useme "hali ni shwari, afande." Alikutolea uvivu hapo hapo.

"Shwari ya nani? Umeiokota wapi? Nani kakwambia?"

Mwenzetu mmoja tulimwita Shemeji, kwa sababu alioa kwenye kichochoro chake mwenyewe cha doria, na tangu hapo kila aliyetaka kumkamata alikuwa mjomba wa mkewe. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akambadilishia kichochoro. Mimi siku moja alinirudisha kwa miguu kwenda kumsalimia fundi viatu niliyempita bila neno. "Akiona kitu kesho atamwambia nani?" aliniuliza. "Mgongo wako?"

Sasa nije kwa fundi cherehani.

Aliishi chumba cha chini, kwenye kichochoro nyuma ya karakana ya maseremala. Cherehani yake ilikuwa dirishani, na juu ya dirisha, upande wa nje, kulikuwa na bomba la kutundikia nguo alizomaliza, wapita njia wazione. Mumewe alikuwa msimamizi wa ghala, mtu wa mashati yaliyonyooka na salamu ndefu. Askari wote aliwaita "wakuu wangu." Mtu huyo alimpiga mkewe mahali ambapo nguo hufunika.

Siku moja mke alikuja kituoni, akakaa kwenye benchi. Kabla hajafungua mdomo, mume akaingia na mwavuli wake mkononi, anatabasamu. "Mke wangu amesahau mwavuli," akasema, na nje hapakuwa na wingu hata moja. Fundi akainuka, wakaondoka pamoja. Shangazi alitufokea siku nzima kwa makosa tuliyofanya na tusiyofanya.

Hakumfuata. Alijua kwamba askari akibisha pale na sare na maswali, ataondoka jioni na maswali yake, na fundi atabaki kuyajibu usiku. Alichukua suruali yake ya kazi, akaifumua pindo kwa makusudi, akaipeleka ishonwe wakati mume yuko ghalani. Hapo wakazungumza. Fundi alitaka kuondoka, ila alikuwa anamsubiri dada yake apate nyumba kubwa katika mji mwingine. Alihitaji kuvuka miezi ile akiwa mzima. Basi wakakubaliana: siku akiona mumewe ameanza kuchemka, atatundika nguo moja ikiwa imegeuzwa, mishono nje. Askari yeyote wa Shangazi akiiona atabisha hodi na kusema ameleta suruali ya sajenti.

Hakukuwa na zaidi ya hapo, na mpango ulifaa. Mimi mwenyewe nilibisha mlango ule zaidi ya mara moja. Mume alifungua akiwa anatweta, akaniona, akaona suruali, akajipangusa uso na kuanza salamu zake ndefu. Nilikaa, nikaomba maji, nikazungumzia mpira mpaka nikaishiwa timu. Mtu wa nje akiwa ndani, hasira ya mume ilikosa pa kukaa. Suruali ya Shangazi ilipandishwa pindo mara nyingi hata ikaanza kuonyesha soksi, na wenzake wa makao makuu wakamcheka kwamba anakua uzeeni.

Tungefika salama. Dada mtu alikwisha kuandika kwamba nyumba imepatikana.

Ndipo mkuu wa kituo kikubwa, bosi wake Shangazi, alipokuja na habari njema. Kikosi chetu kimechaguliwa kuwa cha mfano katika ulinzi wa mitaa. Kamanda atakuja ukumbini kukabidhi ngao. Kikosi kizima kihudhurie, glavu nyeupe, viti vya mbele.

"Na mtaani abaki nani, afande?" Shangazi aliuliza. Tulikuwa tumesimama nyuma yake.

"Mtaa hautakimbia, sajenti. Ni siku moja."

"Nyumba hazikimbii. Kuna mtu mle anayetamani kukimbia na bado hajaweza. Mumewe yuko likizo wiki hii, anashinda mlangoni. Niachie mtu mmoja. Mmoja tu, wa kwangu, anayelijua dirisha lile."

"Kamanda anataka kukiona kikosi. Akikuta viti vitupu utamweleza wewe?"

"Nitamweleza! Nitamwambia wako kazini. Kwani mnanipongeza kwa lipi? Si kwa kukaa mtaani? Sasa mnanitoa mtaani ili mnipongeze kwa kukaa mtaani?"

Mkuu akacheka kicheko kile cha kumaliza mazungumzo. Akasema atatoa mtu kutoka kituo kikubwa. Agizo ni agizo, na Shangazi alikuwa sajenti, si kichaa.  

Asubuhi ya sherehe akaletwa askari wa kike wa mapokezi, mwerevu, anayesikiliza. Shangazi akampitisha kichochoroni akiwa ameshavaa glavu. Akamwonyesha bomba la nguo, akamweleza, akamwamuru aeleze tena kwa maneno yake mwenyewe, akamwachia suruali. Fundi aliwaona kupitia dirishani, akainamia kazi yake. Ndipo tukaenda kukaa.

Ukumbini viti vilivalishwa vitambaa vilivyofungwa utepe nyuma. Tuliamriwa kuzima simu. Wakubwa wakasema kwa zamu kuhusu askari aliye karibu na mwananchi, na wao wenyewe walikuwa karibu na kamanda tu. Shangazi alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Alipoitwa alipanda, akapokea ngao, akapiga saluti. Mpiga picha akasema hakuipata vizuri, warudie. Wakairudisha ngao mezani, akakabidhiwa tena. Wakapiga makofi tena. Hata sasa nikiandika makofi hayo mkono wangu unakaza kalamu.

Wakati sisi tunapiga makofi, mkuu alikuwa ametuma ujumbe kituo kikubwa kwamba kamanda akitoka ukumbini atapitia kunywa chai, na yule askari wa mapokezi, anayejua kupokea wageni, arudishwe haraka. Badala yake apelekwe karani wa sare. Hao wawili hawakuonana. Mmoja aliondolewa na gari, mwingine akaja kwa miguu.

Karani wa sare ni mtu mwema, naomba hilo lieleweke. Kazi yake yote aliifanya katikati ya rafu za mashati, akigawa, akikagua, akirudisha yenye kasoro. Aliambiwa tu azunguke na kusalimia watu, kwamba kikosi cha Shangazi ndivyo kinavyofanya. Akazunguka. Akasalimia. Akafika kichochoro cha nyuma ya maseremala, na juu ya dirisha lilikuwa limetundikwa gauni la mtoto, mishono nje. Mtu mwingine angepita bila kuona. Karani wa sare huona vazi kabla ya kumwona mtu. Na mume alikuwa ameegemea mlango.

"Habari za hapa, bwana," karani akasema. "Mwambie fundi gauni lake limegeuzwa. Wateja watamcheka."

Mume akainua kichwa, akalitazama. Alimjua mkewe: mtu anayepiga pasi hata upande wa ndani wa pindo hatundiki gauni vibaya kwa bahati mbaya. Na nadhani hapo ndipo alipokumbuka nguo nyingine zilizogeuzwa, na suruali iliyofuata kila mara. Akasema, "Ahsante sana, mkuu wangu." Akaingia ndani na kufunga mlango. Karani akaendelea na doria yake, ameridhika. Baadaye alinisimulia huku analia kama mtoto. "Nilidhani nimefanya kazi," alisema. "Nilidhani ndiyo kazi yenyewe."

Mume alitumia pasi. Ile nzito ya chuma. Aliuweka mkono wa kulia wa mkewe mezani, mkono wa kazi, akaupiga mpaka maseremala waliposikia juu ya kelele za misumeno yao. Walivunja mlango. Walimpigia simu Shangazi, haikupatikana. Wakanipigia mimi, wakampigia Shemeji. Zote zilikuwa zimezimwa kwa heshima ya kamanda.

Tuliporudi, ngao ikiwa mapajani mwa Shangazi, maseremala walikuwa wamemketisha mume kwenye benchi letu, wamemzunguka, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Yule aliyekuwa mbele hakupiga kelele. Alituuliza tu, "Mlikuwa wapi?"

 

Hospitalini fundi alielekeza uso ukutani. Shangazi alivuta kiti, akakaa.

"Mwanangu," akaanza.

"Sina maneno na askari," fundi akasema, bila kugeuka. Akaja muuguzi akatuomba tutoke.

Na kwa askari yeyote aliyekuja baada yetu alijibu hivyo hivyo. Hilo lilimfurahisha mkuu kupita kiasi. Mhusika hataki kutoa maelezo, ni ugomvi wa nyumbani, faili lifungwe kabla watu hawajauliza lilitokea siku gani. Maseremala walisema waliyoyaona, lakini waliona mwisho tu, na mume alieleza kwamba mkewe aliangukiwa na pasi. Aliangukiwa! Mara ngapi? Haikuchukua muda akatoka kwa dhamana, akawa anapita mbele ya kituo chetu na shati limenyooka. Sijui sasa nani alimpigia pasi.

Shangazi akaandika ripoti yake. Aliandika kila kitu: mpango wa nguo ulikuwa wake, nani aliujua, nani aliachwa mtaani, nani alimwondoa, nani aliletwa bila kuambiwa neno. Mkuu alimwita, na mimi niliitwa nikiwa mkubwa wa pili katika kikosi. Ofisi yake ina zulia. Tulisimama juu ya zulia.

"Toa hii sehemu ya gauni," mkuu akasema.

"Hiyo sehemu ndiyo ripoti, afande."

"Utammaliza karani wa watu. Ana familia."

"Karani sikumwandikia kosa. Alitumwa bila macho. Nimekuandika wewe uliyemtuma, na nimejiandika mimi niliyekubali kwenda kukaa kwenye kiti."

"Unajua mpango huo haukuidhinishwa na mtu yeyote? Unajua ukiupeleka juu, tepe zako za usajenti zinakwenda na maji?"

"Tepe si mkono," Shangazi akasema, na sasa sauti ya baba yake ilirudi, nadhani waliisikia mpaka maegesho. "Zitaota nyingine au zisiote, nitakula. Yule alikuwa anakula kwa vidole vile! Unataka nitoe gauni? Uende ukamwambie wewe kwamba hakukuwa na gauni!"

Akapiga saluti, akageuka, akapeleka ripoti juu.

Juu wakaisoma, wakakuta kosa moja tu: sajenti kuanzisha mpango usioidhinishwa na kuhatarisha raia. Walimvua cheo. Wakampeleka kulinda lango la bohari ya magari ng'ambo ya mji, kufungulia malori na kuyafungia. Mkuu hakuguswa hata unywele. Kikosi nikapewa mimi, pamoja na amri ya maandishi kwamba ngao ionekane mahali pa heshima. Shemeji aliitundika kwenye ndoano ya nyama. Sikumkataza.

Fundi alitoka hospitali akahamia kwa mke wa mmoja wa maseremala. Nilikwenda kumwona, nikaishia mlangoni. Faili lilikuwa limebakiza siku chache lifungwe, na bila maneno yake mume angekuwa huru kabisa, huru kumfuata mpaka kwa dada yake. Nilimweleza hivyo kupitia mlango uliofungwa. 

Kisha, asubuhi moja, aliingia kituoni akiwa peke yake. Mkono ulikuwa kwenye plasta mpaka kiwiko. Tulisimama wote kama aliyeingia ni kamanda.

"Nataka kusema," akasema.

Nikavuta kalamu na karatasi haraka.

"Si kwako. Shangazi yuko wapi?"

"Mama, Shangazi si sajenti tena. Wamem…"

"Sikuuliza cheo chake. Nimeuliza yuko wapi."

Nilimwacha Shemeji na kituo, nikampeleka. Bohari ina lango la chuma na kibanda ambacho hata kuku angekilalamikia. Shangazi alikuwa amesimama juani, anakagua lori. Alipotuona akashusha mikono. Fundi alimsogelea mpaka karibu kabisa, na kitu cha kwanza alichokitazama ni mkono wa shati lake, pale tepe zilipokuwa.

"Nani alizifumua?" akauliza. "Ameacha nyuzi."

"Mimi mwenyewe. Kwa kisu cha jikoni."

"Ungeniletea."

Shangazi akaanza tena. "Mwanangu, nilikuahidi mtu mlangoni. Halafu mimi nikaenda…"

"Usinianzie hapo, Shangazi. Nikianza kulia sitamaliza, na nimekuja kusema. Andika."

Kibandani hapakuwa na meza, hivyo akaandikia juu ya pipa la mafuta. Mimi nilisimama upande wa jua kuwawekea kivuli, tayari kutia sahihi ya shahidi. Fundi alisema kuanzia mwanzo, toka mwaka wa kwanza wa ndoa, bila kupandisha sauti. Alipofika siku ile akasita.

"Andika na gauni," akasema.

"Nitaandika."

"Andika kwamba ni askari ndiye aliyemwambia."

"Hilo nimeshaliandika kwenye ripoti yangu. Ndiyo iliyonileta hapa."

"Yako ni yako. Liandike kwenye yangu."

Shangazi akainama, akaandika. Nyuma yetu lori lilikuwa limefika langoni linataka kutoka. Dereva akapiga honi, akapiga tena, akatoa kichwa dirishani kuuliza kama hapa watu wamelala. Shangazi aliinua mkono wa kushoto kumsimamisha, bila kugeuka na bila kuacha kuandika.

"Subiri!" akamfokea, kwa sauti ile ya kufika juu ya majengo. "Kuna mtu anasema hapa!"